Turbo, kompresa ya umeme au haibridi? Kuchagua gari linalobana mafuta kwa barabara za Uganda

Ukiingia kwenye bondi, yaani yadi za kuuzia magari, pale Nakawa jijini Kampala au kando ya barabara ya Jinja, unaweza kukuta Toyota Harrier tatu za mwaka 2017 zimepangwa mstari mmoja, rangi moja, matairi mamoja, na chini ya boneti ni magari matatu tofauti kabisa. Ya kwanza ina injini ya kawaida ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 151. Ya pili nayo ni lita 2.0, ila ina turbo na inatoa farasi 231. Ya tatu ni haibridi: injini ya lita 2.5 inayosaidiwa na mota za umeme, jumla farasi 197. Muuzaji atakuapia kwamba zote zinabana mafuta. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Kabla hujauliza bei, jiulize jambo moja: katika safari zako za kila siku, mafuta unayoyanunua yanapotelea wapi? Kwenye bomba la moshi, au kwenye breki? Turbo huokoa kinachotoka kwenye moshi. Haibridi huokoa kinachoteketea kwenye breki. Kompresa ya umeme, ambayo sasa imeanza kufika Kampala ndani ya magari makubwa ya Kijerumani, ina kazi yake nyingine, na watu wengi wanaielewa visivyo. Ukishajua pesa yako inavujia wapi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Joto linakokwenda

Petroli ikiungua ndani ya injini ya kawaida inayofanya kazi vizuri barabarani, takriban theluthi moja ya nishati yake ndiyo hugeuka kuwa kazi ya kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Inayobaki huchukuliwa na maji ya rejeta, oili na msuguano wa vyuma. Moshi unaotoka kwenye silinda za injini ya petroli inayofanya kazi kwa nguvu unaweza kufika joto la nyuzi 900 na zaidi, na bado una msukumo ndani yake. Ndiyo maana wahandisi wamehangaika nao kwa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini hesabu hiyo ni ya gari linalotembea. Sasa chukua saa kumi na mbili jioni jijini Kampala, kutoka Clock Tower kwenda Nateete. Unasogea mita ishirini, unasimama. Bodaboda anapita kulia, teksi inakuchomekea kushoto, unasogea tena. Injini inanguruma bila kwenda popote. Moshi ni mchache, haujapata joto la maana, na hauna msukumo wa kuzungusha chochote. Hapo hakuna nishati ya moshi ya kuvuna. Kila senti inayopotea inapotea kwa injini kuunguruma bure, na kwa breki kuua mwendo ulioutafuta kwa mafuta sekunde chache zilizopita.

Geuza picha. Umetoka Mbale asubuhi unapandisha kwenda Kapchorwa, gari limebeba watu watano na mizigo. Injini inavuta bila kupumzika, moshi ni mwingi, moto na wa mfululizo, na mguu wako haugusi breki ila kwenye kona. Hapo mali yote iko kwenye moshi, na haibridi haina cha kuokota mpaka uanze kuteremka.

Hizi ndizo Uganda mbili, na gari moja haliwezi kuzishinda zote mbili kwa kiwango kilekile.

Turbo ya kawaida

Wazo lake ni la Mswisi Alfred Büchi, aliyesajili hataza yake mwaka 1905. Fikiria pangaboi mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja: moja, turbini, inapigwa na moshi unaotoka, na nyingine, kompresa, inashindilia hewa safi inayoingia kwenye silinda. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika kwenye turbo ndogo za magari ya petroli. Hewa ikiwa nyingi, injini inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo injini ndogo hupata kifua cha injini kubwa.

Hapa ndipo wauzaji wanapochanganya watu. Turbo yenyewe haipunguzi mafuta. Kinachopunguza mafuta ni ile injini ndogo ambayo turbo inakuruhusu kuitumia: msuguano kidogo na vyuma vichache vya kuzungusha, na wakati unatembea taratibu inafanya kazi karibu na pale inapofaa. Mtengenezaji akichukua injini ileile ya lita 2.0 na kuiongezea turbo, amekuuzia nguvu. Ndivyo ilivyo kwa Harrier: katika vipimo vya Toyota wenyewe nchini Japani, ile ya turbo ilipata kilomita chache kwa lita kuliko ile ya kawaida. Na ndivyo ilivyo kwa Subaru Forester XT yenye lita 2.0 za turbo na farasi 280, gari ambalo vijana wa Kampala wanalipenda, na wana haki ya kulipenda, lakini wasilinunue kwa kudanganywa kwamba litawapunguzia gharama za mafuta.

Turbo ya kubana mafuta utaiona kwenye Toyota C-HR ya lita 1.2, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2016. Ina farasi 116, na nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni tangu mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Kwa hiyo haihitaji kupigiwa kelele ili ipande kilima cha Muyenga. Forester mpya kidogo, zile za kuanzia mwisho wa 2020 zenye injini ya lita 1.8 ya turbo, nazo zinafuata njia hiyo.

Kuna faida moja ya turbo ambayo wenzetu wa Mombasa hawaihitaji sana lakini sisi tunaihitaji: mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu mita 2,000. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Zile farasi 151 za Harrier ya kawaida zinafika Kabale zikiwa kama 120. Turbo hujiongezea mwendo na kushindilia hewa zaidi, ikafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Anayeishi Kigezi, eneo la Kabale, au anayebeba mizigo kwenda Kapchorwa na Fort Portal, ataihisi tofauti hiyo kila siku kwenye mguu wake wa kulia.

Gharama yake ni matunzo. Mhimili wa turbo unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayoupoza. Ukiweka oili ya bei ya chini isiyo na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, au ukiongeza muda wa kubadilisha kwa sababu mwezi umekuwa mgumu, turbo ndiyo ya kwanza kulalamika. Ukimaliza kupanda mlima mrefu, usizime injini palepale. Iache ingurume dakika moja hivi, joto lishuke. Na injini nyingi za turbo za kisasa hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, na masizi hujikusanya juu yake taratibu.

Ukienda kukagua gari la turbo, nenda na fundi wako, na mfanye hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, afungue bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye kompresa. Aingize vidole viwili, ashike ncha ya mhimili katikati ya zile mbawa ndogo, autikise juu na chini. Kucheza kidogo sana kwa upande ni kawaida, kwa sababu ya ule utando wa oili. Kisha avute mbele na kusukuma nyuma. Akisikia mhimili unagonga, au akiona mbawa zimekwaruza ukuta, bei yote mliyokuwa mnaongea imebadilika. Baada ya hapo mfungue bomba la chini linalokwenda kwenye intakula, yaani kipoozeo cha hewa iliyoshindiliwa, mpitishe kitambaa cheupe ndani yake.

Muuzaji ataona kitambaa na kusema: "Ssebo (bwana), hiyo oili ni kidogo tu, turbo zote ziko hivyo."

Ana haki nusu. Unyevunyevu wa oili ni kawaida. Oili inayodondoka siyo.

Kompresa ya umeme na turbo ya umeme

Ugonjwa wa zamani wa turbo ni kuchelewa. Ukikanyaga mafuta, lazima kwanza moshi uongezeke, kisha turbini iongeze kasi, ndipo hewa ije. Kwenye mzunguko wa barabara ukitafuta nafasi kati ya teksi mbili, nusu sekunde hiyo ni ndefu.

Audi waliitibu mwaka 2016 kwenye SQ7 ya dizeli kwa kuweka kompresa inayoendeshwa na mota ya umeme ya kilowati 7, mbali na turbo mbili za kawaida. Inafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Matokeo yake ni injini ya V8 inayotoa nguvu yake yote ya kuvuta, nyutoni mita 900, tangu mizunguko 1,000 tu. Mercedes walifuata na injini yao ya silinda sita iliyozinduliwa 2017, inayopatikana kwenye AMG E 53 na CLS 53, ambako kompresa ya umeme inaziba pengo mpaka turbo kubwa iamke.

Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini angalia kwa makini: kompresa hiyo haivuni chochote kutoka kwenye moshi. Inatumia umeme wa betri ili kukupa hewa mapema. Faida yake kwa mafuta ni ya kuzunguka: kwa kuwa nguvu inapatikana chini, giaboksi inaweza kushikilia gia ya juu na injini kubaki kwenye mizunguko ya chini.

Inayovuna kweli ni ile yenye mota iliyopachikwa kwenye mhimili wa turbo yenyewe, katikati ya turbini na kompresa. Mercedes-AMG waliiweka kwenye C 43 ya 2022, injini ya lita 2.0 yenye farasi zaidi ya 400. Mota yenyewe ina unene wa kama sentimita 4 na mhimili unafika mizunguko 175,000. Kwenye gari hilo kazi kubwa ya mota ni kuiwahisha turbo. Porsche walikwenda mbali zaidi mwaka 2024 na 911 GTS ya haibridi. Hapo moshi ukiwa mwingi kupita mahitaji, haumwagwi kupitia vali ya pembeni kama kwenye turbo ya kawaida. Mota inageuka jenereta na kuvuna hadi kilowati 11 za umeme, zinazokwenda kwenye betri au kwenye mota ya kusukuma gari.

Teknolojia hii ilikomaa kwenye mashindano ya Formula 1, ambako kuanzia 2014 hadi 2025 kila injini ilikuwa na jenereta ya namna hiyo. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao ya mashindano imevuka asilimia 50 ya ufanisi kwenye mashine ya kupimia, yaani zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta iligeuka kuwa kazi. Kwa kanuni za 2026 jenereta hiyo imeondolewa, kwa sababu ya ugumu na gharama zake. Kama timu za Formula 1 zimeona ni ghali, mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kutulia na kufikiri.

Kwa Uganda, msimamo wangu ni huu: usinunue gari la kompresa ya umeme kwa ajili ya kubana mafuta. Linunue kama unalipenda gari lenyewe, una uwezo, na una fundi mwenye mashine ya kusoma mfumo wa umeme wa volti 48 unaoendesha kompresa hiyo kwenye gari hilohilo. Betri ya volti 48 ikichoka, baadhi ya magari haya hukataa hata kuwaka, na huwezi kuazima betri ya jirani. Vipuri vyake hutavikuta kwenye soko la vipuri la Kisekka kama unavyokuta turbo ya Subaru. Utaagiza, utasubiri, na gari litakuwa limeegeshwa.

Kama kinachokuvutia ni kuondoa kule kuchelewa tu, Volvo walikuwa na dawa nyepesi zaidi kwenye dizeli zao za D5 kuanzia 2016: tangi dogo la lita 2 la hewa iliyoshindiliwa, linalopuliza kwenye njia ya moshi pale unapokanyaga mafuta ili turbo ianze kuzunguka mara moja. Hakuna volti 48. Napenda akili ya namna hiyo.

Kwa wanaouziwa "turbo ya umeme" mtandaoni

Hapa lazima nikae kidogo, maana kuna ndugu zetu wanatupa pesa. Kuna feni ndogo za plastiki zinazouzwa kwa jina la turbo ya umeme. Unaambiwa uipachike kwenye bomba la hewa, uunge waya mbili kwenye betri, na gari litabana mafuta na kupata nguvu.

Piga hesabu. Injini ya lita 2.0 ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika inavuta hewa kama lita 5,000 kila dakika, kwa sababu kila silinda inajaa mara moja kwa mizunguko miwili. Ili kushindilia hewa ya injini yao, Audi walihitaji kilowati 7. Kwa volti 48, hiyo ni ampea karibu 146. Kwa volti 12 za gari lako, ingekuwa karibu ampea 580, wakati alteneta ya gari dogo inatoa kama ampea 100 kwa gari zima, taa na redio vikiwemo. Feni inayotumia ampea tano au kumi haiwezi kushindilia chochote. Injini ikivuta kwa nguvu, feni hiyo inageuka kizuizi njiani. Na siku plastiki yake ikipasuka, vipande vinakwenda ndani.

Pesa hiyo nunua kichujio kipya cha hewa na plagi nne.

Haibridi

Haibridi ya Toyota inavuna mwendo. Ukiachia mafuta au ukigusa breki taratibu, mota inageuka jenereta, gari linapunguza kasi na betri inajaa. Foleni ikisogea, gari linaondoka kwa umeme huohuo, injini ikiwa imezimwa. Kule kuunguruma bure kwa Clock Tower kunakwisha.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na kwangu ndilo zuri kuliko yote: injini ya haibridi nayo inashughulika na nishati ya moshi, ila inafanya hivyo kabla moshi haujatoka. Inafuata mtindo wa Atkinson, ambapo vali ya kuingiza hewa inachelewa kufungwa, hivyo gesi iliyoungua inapata nafasi ndefu ya kutanuka na kusukuma pistoni kuliko nafasi iliyotumika kuishindilia. Gesi inakamuliwa zaidi ndani ya silinda, na kinachotoka kwenye ekzosi kimechoka. Injini ya lita 1.8 inayotumika kwenye Prius ya 2015 na C-HR haibridi inafika ufanisi wa asilimia 40 katika hali yake bora. Ile ya Prius iliyotangulia ilikuwa asilimia 38.5. Hakuna turbini, hakuna mhimili wa mizunguko laki moja na nusu, hakuna intakula. Kasoro yake ni kwamba injini ya namna hiyo inakosa kifua ikiwa peke yake, na mota za umeme ndizo zinazojaza pengo.

Prius ya 2009 ilikuja pia na kifaa cha kurudisha joto la moshi kwenye maji ya injini, kipo kwenye bomba chini ya gari. Kinafanya injini ipate joto haraka ili iweze kuzimwa mapema. Hokkaido wakati wa theluji, ni jambo kubwa. Kampala, ambako asubuhi ya baridi kabisa bado ni joto la watu kutembea na shati, faida yake ni ndogo. Mtu asikupandishie bei kwa sababu hiyo.

C-HR inatupa ulinganisho safi, kwa kuwa ni gari moja lenye injini mbili. Katika vipimo vya Japani vya wakati ule, ya haibridi ilipewa kilomita 30.2 kwa lita, na ya turbo yenye kuvuta kwa magurudumu manne ilipewa 15.4. Hivyo ni vipimo vya maabara, barabarani usizitarajie namba hizo. Tuchukue makadirio ya unyonge zaidi: mjini haibridi ipate kilomita 20 kwa lita na turbo 12, petroli iwe shilingi 5,000 kwa lita, na uende kilomita 1,000 kwa mwezi. Haibridi inakula lita 50, turbo lita 83. Tofauti ni kama shilingi 166,000 kwa mwezi, shilingi milioni mbili kwa mwaka. Sasa peleka magari hayohayo kwenye barabara ya Masaka kwa mwendo tulivu, haibridi ibaki na 20 na turbo ipande hadi 16. Tofauti inashuka hadi shilingi 62,500 kwa mwezi. Weka namba zako mwenyewe, lakini mwelekeo utabaki huo: kadiri foleni inavyopungua, ndivyo haibridi inavyopoteza ubingwa wake.

Hofu kubwa ya watu ni betri, na ni hofu ya haki. Kwenye C-HR hiyo betri iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia tundu lenye wavu pembeni mwa kiti. Ukikagua, inama uliangalie tundu hilo kwa tochi ya simu. Nimeona tundu lililojaa vumbi jekundu, nywele na maganda ya karanga, likiwa limefunikwa na mkoba wa mtoto juu yake. Betri hiyo inapikwa polepole, na mwenye gari atakuja kusema haibridi hazifai Afrika. Kusafisha wavu ni kazi ya dakika chache. Iingize kwenye kila sevisi, na usiegeshe mizigo juu yake.

Kwenye Prius za kuanzia 2009, mwambie fundi akague pia njia ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na kipoozeo chake. Vikiziba masizi, injini inaweza kuunguza gasketi ya kichwa, na hasara hiyo inazidi mafuta ya miaka.

Tahadhari nyingine: siyo kila kilichoandikwa haibridi kina uzito sawa. Forester ya e-Boxer ina mota ya kilowati 10 tu. Inasaidia kuondoka na kupunguza mafuta kidogo, lakini usiipigie hesabu za Toyota.

Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya Wajapani peke yao: Kiira EV Smack, gari la haibridi la Waganda, lilioneshwa mwaka 2014. Vijana wa Kampala wanaojua mifumo hii wapo na wanaongezeka. Watafute kabla hujanunua, siyo baada ya taa nyekundu kuwaka.

Malori

Kwa malori ya mizigo yanayotoka Mombasa kupitia Malaba, kuna njia nyingine ya kuvuna moshi: turbini ya pili, baada ya turbo, inayorudisha nguvu kwenye mhimili wa injini kwa gia. Scania waliiuza kwenye malori tangu 1991, na Volvo wakafuata. Inalipa kwa injini inayovuta tani nyingi kwa saa nyingi bila kubadilisha mwendo. Kwa gari la familia haina maana, na ndiyo sababu hujawahi kuiona humo.

Ningemshauri nani nini

Mtu anayeishi Kireka, anafanya kazi katikati ya mji, anapeleka watoto shule na kwenda kijijini Krismasi na Pasaka: haibridi ya Toyota, bila kusita. Siku mbili za milima kwa mwaka hazitoshi kumpa sababu ya kulisha turbo siku zilizobaki. Dereva wa teksi za kuitwa kwa simu ni hivyohivyo, tena zaidi.

Mfanyabiashara wa Mbarara au Kabale anayeshinda kwenye barabara kuu akiwa na mzigo: turbo. Kama ni petroli, achague injini ndogo iliyoundwa kubana mafuta. Kama mzigo ni mzito kweli, dizeli ya turbo, mfano Prado au Hilux yenye lita 2.8. Hizo zinajulikana na mafundi kutoka Busia hadi Arua, na hilo peke yake lina thamani kuliko asilimia chache za ufanisi.

Anayegawanya wiki, siku tatu mjini na siku mbili safarini, ndiye mwenye kazi ngumu. Kwake ningeangalia Harrier haibridi, kwa sababu injini yake ya lita 2.5 haizimii mlimani kama ile ya 1.8, na mota ya umeme haijali wembamba wa hewa ya Kabale. Lakini kama gari la haibridi alilolipata halina historia ya matunzo, na la turbo linayo, achukue la turbo.

Asiye na fundi wa haibridi karibu, na asiye na nidhamu ya oili kwa turbo, achukue Harrier ya kawaida ya farasi 151 na asione haya. Ni gari zuri.

Kumbuka pia umri. Tangu Oktoba 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na magari yaliyozeeka hutozwa kodi ya mazingira. Haibridi ya bei ya kutupa iliyo karibu na mpaka huo wa umri itakuja na betri iliyo karibu na mwisho wake. Weka pesa ya betri pembeni kabla ya kulipa, au ipite.

Siku ya kulijaribu gari, usikubali kuzungushwa ndani ya uwanja wa bondi. Ondoka nalo likiwa baridi, pita kwenye foleni nusu saa, kisha tafuta kilima kirefu ukipande ukiwa na watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa. Kwenye haibridi, angalia kipimo cha betri: kikipanda na kushuka kwa haraka haraka, seli zimechoka. Kwenye turbo, mwambie mtu akae nyuma aangalie moshi unapokanyaga mafuta tena baada ya kuteremka. Ukitoka wa bluu, rudisha ufunguo.